ALT 78 na sijawahi kunywa pombe, inaweza kuwa ni huu uzito?

Dereva_Kitonga

Wakuu habari za usiku, wakubwa zangu shikamooni. Naombeni mawazo maana toka juzi usingizi hauji.

Mimi ni dereva wa lori, miaka 41, natembea Dar–Tunduma huu mwaka wa 9. Kazini wanatupima afya kila mwaka na safari hii wameongeza kipimo cha ini. Majibu: ALT 78, AST 46. Pembeni ya karatasi wameandika ALT mwisho 41, AST mwisho 40. Yule aliyenisomea majibu hakuniuliza swali hata moja, kaangalia karatasi, kaangalia tumbo langu, kaandika kwenye fomu "apunguze pombe", kaita mwingine.

Sijawahi kuonja pombe toka nizaliwe. Baba yangu aliifia na mimi niliapa nikiwa darasa la tano.

Nikafika nyumbani nikampa mke wangu ile karatasi, nilidhani tutacheka pamoja. Kaisoma kimya, kaikunja, kaiweka chini ya kitambaa cha meza, usiku mzima hakusema neno. Asubuhi ananimiminia chai ndo ananiuliza "Baba Rehema, hivi huko Tunduma huwa mnalala wapi?" Wakuu hilo swali limeniuma kuliko majibu yenyewe. Na hapo bado ofisini, maana dereva akishaandikiwa pombe kwenye fomu mnajua kinachofuata.

Uzito wangu kilo 96, urefu sentimita 168. Nilivyoanza kazi nilikuwa 71. Chakula cha njiani mnakijua, Chalinze chipsi kuku, Ruaha Mbuyuni wali nyama na soda mbili, usiku enaji mbili tatu macho yasifunge, halafu unakaa kwenye siti masaa 12. Mwili umekuja wenyewe na wote umekaa tumboni, miguu bado ni ileile.

Swali: mafuta ya mwili peke yake yanaweza kupandisha hizi namba bila pombe? Na kama ni kweli, nikipunguza zinashuka, na nipunguze kilo ngapi?

---

Mtu_wa_Maabara

Mkuu pole sana. Jibu fupi ndiyo, inawezekana kabisa, na kati ya watu wenye kitambi ni kitu tunakiona maabara kila wiki.

ALT na AST ni vimeng'enya, kazi yake iko ndani ya seli za ini, huko kwenye damu vinatakiwa vionekane kidogo tu. Seli ikiumia inavuja, ndo namba inapanda. Mashine yangu inaona kwamba kuna uvujaji, haijui nani katoboa. Inaweza kuwa mafuta, virusi, dawa, pombe, au hata mitishamba. Kwahiyo mtu kuandika pombe kwa kuangalia namba mbili na tumbo la mtu, hapana, hilo sikubaliani nalo hata kidogo.

AST iko pia kwenye misuli, na ALT kidogo. Ukibeba vitu vizito au ukienda jimu kwa nguvu ukapimwa kesho yake zinaweza kupanda zote, na zinachukua hata wiki kutulia. Hata sampuli ikitikiswa vibaya chembe nyekundu zikapasuka kwenye chupa, AST inapanda kwa uongo. Ndo maana kipimo kimoja usikilie, kirudie.

Na hiyo 41 ya kwenye karatasi usiishike sana. Kila maabara ina mpaka wake kutokana na mashine na watu waliopimwa kuutengeneza, na wengi wa hao watu walikuwa na mafuta kwenye ini bila kujijua. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa tumbo na ini Marekani waliandika kwamba ALT ya mtu mwenye ini zima kwa mwanaume iwe 29 mpaka 33, mwanamke 19 mpaka 25. Kwahiyo wewe 78 iko zaidi ya mara mbili.

Sasa nijibu: unatumia dawa yoyote? Nimesema yoyote, hata ya kununua duka la dawa bila cheti. Na ulishawahi kupima homa ya ini B na C?

---

Dereva_Kitonga

Asante sana mkuu umenipa pumzi. Homa ya ini sijawahi kupima. Dawa ni za mgongo tu, diklofenaki, nanunua mwenyewe, karibu kila safari nameza mbili kwa siku. Na ile wiki ya kupimwa nilibadilisha tairi mbili pale Mikumi peke yangu, sijui kama na hilo linahesabika.

---

Mtu_wa_Maabara

Linahesabika. Na diklofenaki ndo kabisa, inajulikana kupandisha ALT kwa baadhi ya watu, na ukiimeza hivyo mfululizo figo nazo unazitafuta. Muone daktari akupe njia nyingine ya huo mgongo, kaa wiki tatu bila hiyo dawa, usibebe tairi wiki ya kupima, halafu rudia ALT, AST, ongeza GGT (kimeng'enya kingine cha ini), sukari, mafuta ya damu, picha kamili ya damu, HBsAg (kipimo cha homa ya ini B) na kipimo cha C. Hapo ndo tutajua uzito unachangia kiasi gani.

---

Mganga_Njia

Ini limeziba hilo kaka, lisafishe. Kuna dawa ya majani siku 7 unakunywa hiyo na maji ya ndimu tu bila chakula, kilo 8 zinatoka na ini linakuwa jipya. Nicheki inbox.

---

Mama_Zuhra_Kisauni

Ndugu yangu dereva, huyo wa juu usimfuate, na nakwambia kwa sababu mie nshafuata.

Mie ni wa Mombasa, miaka 46, nlikuwa kilo 88 na ALT yangu 64, pombe sijui hata harufu yake. Nlivyoambiwa ini lina mafuta nlipatwa na kiwewe, jirani akanletea chupa ya majani na nkaanza maji ya ndimu asubuhi mpaka usiku. Wiki mbili ntoka kilo 6, watu wanisifu njiani, mie miguu yatetemeka. Nkaenda kupima nkitaraji shangwe, ALT 91! Daktari mmoja mama mtu mzima alinkalisha akanambia mwanangu, ukijinyima ghafla, mafuta ya mwilini yayeyuka yote kwa pamoja na yote yapitia kwenye ini, ini ambalo tayari lishachoka. Na juu ya hayo ile dawa ya majani hakuna ajuae ndani mna nini. Na akanambia ukishuka zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki wajitafutia mawe ya nyongo. Kilo zenyewe zilirudi zote ndani ya miezi miwili.

Nlivyoanza upya nlianza na kikombe. Nyumbani kwetu chai ni ya maziwa, na sukari nlikuwa natia vijiko vinne, na kwa siku nanywa vikombe vitano. Siku moja nkachukua bakuli nkatia sukari yote ya siku moja, vijiko ishirini, nkaiweka mezani nkaiangalia. Bakuli la uji limejaa nusu! Nkamwita mume wangu aje aone, hata yeye alinyamaza. Nkaenda nkipunguza nusu kijiko kila wiki, mpaka sasa nanywa bila. Kahawa ile chungu ya jioni sikuiacha, daktari alinambia hiyo ni rafiki ya ini mradi isiwe na sukari.

Mahamri na mbaazi za nazi nimebakisha Jumapili. Siku nyingine mbaazi nala, ila za kuchemsha na kitunguu na ndimu. Wali napakua kwa kikombe cha chai, sahani iliyobaki mchicha na samaki wa kupaka. Na kila alasiri baada ya swala natembea na mwanangu mpaka barabarani na kurudi, dakika arubaini hivi.

Miezi tisa nkatoka 88 mpaka 79. ALT 27. Hakuna wiki hata moja nlotoka kilo moja nzima, kuna wiki nlipanda.

---

Dkt_Mapumziko

Mama Zuhra umeandika vizuri kuliko sisi tunavyoeleza kliniki, hongera sana.

Dereva, naomba nikuongezee machache maana hili jambo lako la kuitwa mlevi lina historia. Mwaka 1980 pale Mayo Clinic, Marekani, daktari wa patholojia anaitwa Jurgen Ludwig na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa 20 ambao ini lao chini ya darubini lilikuwa linafanana na la mlevi, mafuta, uvimbe, na makovu, lakini watu wenyewe hawakuwa wanywaji. Wengi wao walikuwa na unene, na wengi walikuwa wanawake. Kwahiyo hujaanza wewe. Tatizo hili kwa miaka mingi liliitwa ini la mafuta lisilotokana na pombe, jina la kitaalamu likabadilishwa 2023 ili litaje chanzo chenyewe, yaani mvurugiko wa sukari na mafuta mwilini, badala ya kutaja pombe ambayo haipo.

Sasa angalia karatasi yako. ALT 78, AST 46. Kwa mtu aliyeharibiwa ini na pombe mara nyingi AST ndo inakuwa juu, hata mara mbili ya ALT. Wewe ni kinyume, ALT imeizidi AST, na huo ndo mpangilio wa ini lenye mafuta likiwa bado mapema. Sio ushahidi wa mahakamani, ila karatasi waliyokuandikia pombe yenyewe inakutetea. Mwonyeshe mama Rehema hizo namba mbili.

Kuhusu mafuta yanaingiaje kwenye ini. Kitambi sio begi lililokaa kimya, yale mafuta ya ndani ya tumbo yanavunjwa muda wote na yanamwagwa kwenye damu, na mengine yanaingia moja kwa moja kwenye mshipa unaotoka utumbo kwenda ini. Kuna utafiti wa 2005 walifuatilia mafuta ya kwenye ini yametoka wapi kwa wagonjwa wa aina yako, karibu asilimia 60 yalitoka kwenye mafuta ya mwilini kupitia damu, kama robo ini lilitengeneza lenyewe, hasa kutokana na sukari na wanga, na asilimia 15 tu ndo yalitoka moja kwa moja kwenye mafuta ya chakula. Watu wengi wakiambiwa ini lina mafuta wanaacha nyama na wanaendelea na soda. Soda ya chupa ya 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Zile mbili za Ruaha Mbuyuni ni vijiko 18, bado hujafika Kitonga, bado enaji za usiku.

Upunguze kiasi gani? Usiangalie kilo, angalia asilimia. Asilimia 5 ya uzito, kwako kama kilo 5, mafuta ya kwenye ini yanaanza kupungua vizuri. Asilimia 7 mpaka 10, yaani kilo 7 mpaka 10, uvimbe wa seli unatulia. Kuna kazi nzuri ilifanyika Cuba ikachapishwa 2015, wagonjwa 293, mwaka mzima wa chakula na mazoezi tu bila dawa, halafu wakachukuliwa vipande vya ini kabla na baada. Waliopunguza asilimia 10 au zaidi, 90 katika kila 100 ule uvimbe uliisha, na 45 katika kila 100 hata makovu yalirudi nyuma. Lakini waliofika hapo walikuwa wachache, mmoja kati ya kumi. Nakwambia hivi ili usijilaumu ikichelewa.

Ukipata chembe sahani, kwenye karatasi zimeandikwa PLT, niandikie hapa nikupigie hesabu moja ya makovu. Ukiona macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, tumbo linajaa maji au unatapika damu usisubiri majibu ya humu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

---

Dagaa_wa_Igoma

Mimi niko Mwanza, niongezee upande wa pili. Mimi kilo 58, mwembamba kama fito, na ALT yangu ilikuwa 90. Kila mtu ananiambia wewe huna mafuta huwezi kuwa na tatizo la ini, nikakaa nayo mwaka mzima. Kuja kupima, homa ya ini B. Chanjo ya B kwa watoto hapa Tanzania imeanza 2002, sisi wa kabla ya hapo wengi hatukuipata. Kwahiyo mkuu usikubali tu kwamba ni kitambi, kapime HBsAg kwanza, na mkeo apime, na mkikutwa hamna mchanje wote.

---

Bonge_Mzuri

Samahani naingilia. Mimi kilo 109 na ALT 22, si ina maana ini langu halina mafuta?

---

Dkt_Mapumziko

Dada hapana, usilale kwa hiyo 22. Watu wengi tu wenye mafuta kwenye ini wana vimeng'enya vya kawaida kabisa, na wapo wenye makovu tayari na ALT iko chini. Uzito na ALT vinakwenda pamoja ukiangalia watu elfu, kwa mtu mmoja mmoja vinaweza kuachana kabisa. Pima sukari, presha na ultrasaundi. Ukikutwa na sukari ndo usicheleweshe kabisa.

---

Dereva_Kitonga *(baada ya wiki nne)*

Wakuu nimerudi. HBsAg sina, C sina, mke wangu naye hana, tumeanza chanjo wote. Diklofenaki niliacha wiki tatu na nusu, mgongo nafanyishwa mazoezi. ALT imerudi 71, AST 43. Kwahiyo dawa na tairi vilichangia kidogo tu. Ultrasaundi wamesema ini lina mafuta daraja la kwanza, yaani lile la chini. Sukari ya asubuhi 6.3. Kwenye ile karatasi ya kwanza PLT ilikuwa 240.

---

Dkt_Mapumziko

Safi. Hesabu inaitwa FIB-4, chukua umri zidisha kwa AST, gawanya kwa PLT iliyozidishwa na kipeuo cha pili cha ALT. Kwa namba zako za kwanza, 41 mara 46 ni 1886, na 240 mara 8.83 ni kama 2119, inakuja 0.89. Chini ya 1.3 uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Hilo ni jibu zuri sana ndugu yangu. Ila sukari 6.3 iko mlangoni mwa kisukari, rudia na upime HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu.

---

Mama_Zuhra_Kisauni

Alhamdulillah. Sasa anza na soda peke yake, mwezi mmoja usiguse kitu kingine.

---

Dereva_Kitonga *(baada ya miezi mitano)*

Wakuu habari za siku nyingi. Nimewasikia wote, Mama Zuhra wewe hasa.

Soda na enaji niliacha zote. Wiki ya kwanza kichwa kiliniuma nikadhani naumwa malaria, nikapima hamna. Usingizi ukinishika sasa napaki nalala, nimemwambia msimamizi wangu wazi na amekubali nichelewe masaa mawili. Mke wangu ananifungia mayai ya kuchemsha sita, viazi vitamu na matango kwenye kidishi, na Ilula nanunua nyanya natafuna hivihivi kama tunda. Wali nakula bado lakini nusu, na mchana tu. Pale Tunduma foleni ya kuvuka unaweza kukaa siku mbili, zamani nilikuwa nalala kwenye kebini na mishikaki, sasa nafunga gari namwachia tingo naenda natembea mpaka mwisho wa foleni na kurudi. Madereva wenzangu walinishangaa, sasa tunatembea wanne.

Kilo 96 imefika 89. Mkanda wangu nilitoboa tundu jipya kwa msumari, halafu jingine. ALT 44, AST 29, sukari 5.6, HbA1c 5.8. Daktari kasema niendelee mpaka 86 na nipime tena baada ya miezi mitatu.

Ile fomu ya kazini niliirudisha na barua ya daktari na ultrasaundi, wamefuta lile neno na kuandika upya. Na mama Rehema nilimwonyesha zile namba mbili kama dokta alivyosema, ALT na AST ipi iko juu. Akaniambia nilishajua zamani, ile siku uliporudi na matango badala ya soda.

Dagaa wa Igoma, wewe unaendeleaje na dawa? Ile HBsAg uliyonisukuma kupima nimewapeleka na tingo wangu wawili, mmoja amekutwa nayo, ana miaka 27. Nimpeleke aanzie wapi?

---

Dagaa_wa_Igoma

Mpeleke kliniki ya ini hospitali ya rufaa iliyo karibu na kwao, asianze dawa yoyote ya mtaani. Atapimwa wingi wa virusi na ALT, sio wote wanaoanza dawa hapohapo, mimi nameza kidonge kimoja kwa siku na ALT yangu sasa 31. Mwambie nduguze waliozaliwa naye wapime na mama yake apime. Akitaka kuongea na mtu aliyepitia aje inbox, nitamjibu hata usiku.